Zana Ikibaki Mikononi: Wanawake wa Mbulu na Hanang Mbele ya Mashine

Mashine mpya inapofika kijijini na wanawake wakaonekana kuachwa nyuma, sababu inayotajwa kwanza ni kwamba hawana ujuzi. Dawa inayoandikwa ni ile ile miaka nenda miaka rudi: semina ya siku mbili tatu, cheti, kisha kila mtu arudi kwao. Nchi inayoizunguka Gehandu, pale Mbulu na Hanang zinapokutana mkoani Manyara, ina historia inayoyapinga maelezo hayo. Katika muda wa karne moja hivi, wakulima na wafugaji wa eneo hili wamefikiwa na plau, mashine ya kusaga, trekta, vifaa vya hospitali na simu ya mkononi. Zana nyingine ziliwapita wanawake kando. Nyingine walizishika kwa ustadi ambao matokeo yake yamechapishwa katika majarida ya kitabibu. Ninavyoisoma historia hii, tofauti haikutokana na akili ya wanawake wala wingi wa mafunzo. Ilitokana na mahali ujuzi ulipofundishiwa, mara ngapi ulirudiwa, na zana yenyewe ilibaki kwa nani mafunzo yalipokwisha.

Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, walitoka milima ya Mama Issara wilayani Mbulu, mahali penye ardhi finyu na watu wengi. Huko walijenga kilimo cha uangalifu mkubwa: samadi ya ng'ombe waliolazwa ndani ya nyumba, matuta ya kuzuia udongo usiporomoke, mashamba yaliyolimwa mwaka baada ya mwaka bila kuchoka. Kadiri walivyozidi kuongezeka walishuka kaskazini hadi Karatu, na kusini hadi Dongobesh, Haydom na miguu ya mlima Hanang, ambako waliwakuta Wadatooga, hasa Wabarabaig, na ng'ombe wao. Wakoloni waliiweka nchi hii yote chini ya wilaya moja ya Mbulu. Hanang ikawa wilaya mwaka 1969, Babati ikakatwa kutoka Hanang mwaka 1985, na mkoa wa Manyara ukazaliwa mwaka 2002. Mipaka ya kiserikali imehamahama, lakini kazi ya mwanamke imebadilika polepole zaidi. Kabla ya mashine, unga ulitoka mikononi mwake. Alipiga magoti mbele ya jiwe pana lililoinamishwa kidogo, akamwaga punje za mtama au ulezi, akasukuma jiwe dogo mbele na nyuma mpaka unga ukashuka upande wa chini. Jiwe likilainika haliumi tena punje, kwa hiyo uso wake ulilazimika kuchongwa upya, na kuchonga kupita kiasi kulijaza unga mchanga. Mbegu za msimu ujao nazo zilihitaji jicho la mtu anayejua suke lipi likomae shambani na lipi livunwe mapema. Kazi hizo zina vipimo vyake, makosa yake na marekebisho yake, na ujuzi wake ulipokewa kwa kukaa karibu na mwenye nao kwa miaka.

Palikuwa pia na elimu iliyopangwa rasmi. Wairaqw walikuwa na taasisi iliyoitwa marmo, ambayo kwayo wasichana waliokuwa wakiingia utu uzima waliwekwa ndani kwa pamoja, mbali na wanaume, chini ya uangalizi wa wanawake wazima. Humo walifundwa mambo ya unyumba na ya jamii, na humo walitengeneza sketi za ngozi zilizoshonewa shanga, ambazo baadhi leo ziko kwenye makumbusho ya ng'ambo. Ukizitazama sketi hizo unaona kazi isiyokamilika kwa siku mbili tatu: ngozi ililainishwa, ikakatwa, ikashonwa, kisha shanga zikapangwa mstari juu ya mstari kwa michoro isiyopotoka. Msichana alitoka ndani akiwa amevaa ushahidi wa alichojifunza. Utawala wa Waingereza uliipiga marmo marufuku, ikafa.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama napamba desturi iliyokuwa na damu. Marmo ilishikamana na ukeketaji, na hakuna ustadi wa shanga unaoweza kuhalalisha jeraha lile. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 uliukuta mkoa wa Manyara ukiongoza nchi nzima: asilimia 58 ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa wamekeketwa, karibu miaka 20 baada ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 kulifanya kosa la jinai kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Takwimu hiyo yenyewe ndiyo inayonifanya nitaje marmo hapa. Marufuku ya wakoloni iliondoa sehemu ya kufundishana, ile iliyowakusanya wasichana mbele ya wanawake wenye ujuzi kwa muda mrefu, na jeraha likaendelea kupitia mlango wa nyuma. Shule ilikufa, kisu kikabaki. Hakuna aliyejiuliza wakati ule kama ingewezekana kuua kimoja na kukiacha kingine kiishi, na kwa miongo mingi baadaye msichana wa Mbulu hakuwa na mahali pengine palipopangwa kwa ajili yake tu, ambapo ujuzi wa mikono ulirudiwa hadi ukakomaa. Shule za misheni zilikuja, lakini nafasi zilikuwa chache na familia nyingi zilimtanguliza mtoto wa kiume.

Plau ya kukokotwa na ng'ombe ilienea Mbulu hasa katikati ya karne ya 20, watu walipofungua ardhi mpya baada ya vichaka vyenye mbung'o kufyekwa. Ilifuata mkondo wa mali. Ng'ombe wa kulima walikuwa wa mwanamume, kwa hiyo plau ikawa yake, na kulima kwa plau kukawa kazi ya kiume. Shamba likapanuka mara kadhaa kwa msimu mmoja, ila hakuna mashine iliyokuja kupalilia. Palizi ilibaki kwa jembe la mkono, na jembe la mkono lilibaki kwa mwanamke, ambaye sasa alikuwa na ekari nyingi zaidi mbele yake. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, alichapisha kitabu kuhusu nafasi ya wanawake katika maendeleo ya uchumi, akionyesha jambo hilo hilo katika sehemu kubwa ya Afrika: kilimo kilikuwa mikononi mwa wanawake, lakini maofisa wa kikoloni walipeleka mbegu mpya, mafunzo na vyombo kwa wanaume, na pengo likazaliwa pale ambapo halikuwapo. Mashine ya kusaga ya dizeli nayo iliwapunguzia wanawake mzigo mzito, na hilo lisidharauliwe hata kidogo, maana saa za kupiga magoti mbele ya jiwe ziliisha. Lakini aliyekuwa na ujuzi wa kulichonga jiwe sasa alisimama kwenye foleni na debe lake na fedha mkononi, na aliyejua kuwasha injini, kubadili chekeche na kusikia beringi ikilalamika alikuwa mtu mwingine.

Teknolojia kubwa kuliko zote ilifika Hanang kutoka Canada. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa fedha na wataalamu wa Canada, lilifungua mashamba ya ngano kwenye uwanda wa Basotu na kandokando yake. Yalifika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd, na kwa pamoja yalichukua takriban ekari 100,000. Yalilimwa kwa matrekta makubwa na kuvunwa kwa mashine za kuvuna zilizoagizwa nje, kwa mtindo wa nyanda za Saskatchewan. Kwa kipimo cha gunia, mradi ulizaa: kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa Tanzania ilitoka hapo. Watanzania walisomeshwa udereva wa mitambo, ufundi na utaalamu wa udongo na mbegu, wengine hadi Canada kwenyewe. Ilikuwa programu halisi ya kuwapa watu ujuzi wa kazi ya kisasa, pengine kubwa kuliko yoyote iliyopata kufanyika katika eneo hili. Kama ilivyokuwa kwenye mashamba makubwa ya wakati ule, kiti cha trekta na meza ya karakana vilikuwa vya wanaume kwa sehemu kubwa.

Ardhi iliyochukuliwa haikuwa tupu. Wabarabaig walikuwa wamelihamisha kundi kwa zamu kati ya aina mbalimbali za malisho, na mabonde yenye udongo mzuri waliyoyaita muhajega, yaliyokuwa tegemeo la mfumo wote, ndiyo hasa yaliyoifaa ngano. Yalipolimwa, mzunguko wa malisho ulikatika, njia za kwenda majini zikazibwa, na hata makaburi ya wazee, bung'eda, yakapitiwa na plau. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu ya Arusha, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwa kiasi kikubwa dhidi yao. Kinachotajwa mara chache katika kesi hii ni maziwa. Kwa Wabarabaig, kukamua, kutunza vibuyu, kugandisha na kutengeneza samli ni eneo la mwanamke. Ni chakula cha watoto wake na ni heshima yake. Zaidi ya hapo, binti wa Kibarabaig anapoolewa hupewa ng'ombe na baba yake, na ng'ombe hao wana njia yao ya urithi. Kundi lilipopungua kwa kukosa malisho, mwanamke alipoteza mali, chakula na eneo lake la ustadi kwa mpigo, na kilichokuja badala yake hakikuwa na nafasi yake.

Ukiuliza kwa nini mradi haukuwa na nafasi ya wanawake, jibu la kawaida ni kwamba hawakuwa tayari: hawakusoma, hawakujua Kiswahili cha ofisini, na mila haikuwaruhusu kusimama mbele ya wanaume. Hilo la mwisho linaangushwa na kazi ya mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi na Wabarabaig na kuandika juu yao mwaka 1964 na 1970. Alieleza baraza la wanawake, girgwageda gademga, lililokuwa na mamlaka ya kumshtaki mwanamume aliyewakosea wanawake, kumsikiliza, na kumtoza faini ya ng'ombe dume mweusi, na kumlaani akikaidi. Hao ni wanawake waliokusanya ushahidi, wakajadili, wakatoa hukumu na wakaitekeleza. Jamii iliyokuwa na chombo kama hicho ilikuwa na mahali pa kuanzia. Wapangaji wa mradi wangeweza kwenda barazani na kuuliza maji yabaki wapi, njia za ng'ombe zipite wapi, na kazi ipi ya shamba jipya iwe ya wanawake. Hawakuuliza, kwa sababu katika ramani ya mradi mwenye kuzungumza kuhusu ardhi na mashine alikuwa mwanamume. Ufadhili wa Canada ulifikia kikomo mwanzoni mwa miaka ya 1990, vipuri vikawa shida, na mashamba yakaingia kwenye ubinafsishaji. Ujuzi uliofundishwa kwa gharama kubwa ulikuwa umefungwa kwenye mitambo ambayo jamii haikuimiliki wala isingeweza kuitengeneza kwa mfuko wake. Hata wanaume walionufaika walibaki na cheti bila trekta.

Kipande cha historia kinachobadilisha hoja kipo Haydom, wilayani Mbulu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway, na leo iko chini ya Dayosisi ya Mbulu ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Kwa miongo kadhaa imewapokea wagonjwa wa Mbulu, Hanang na mikoa ya jirani, na chuo chake cha uuguzi, kilichoanza miaka ya 1980, kimewafungulia vijana wa maeneo haya, wasichana wakiwa wengi kati yao, mlango wa taaluma ambao trekta halikuufungua. Mwaka 2009 Tanzania ilianza kufundisha njia rahisi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, na Haydom ikawa moja ya hospitali nane za mwanzo. Vifaa vilikuwa vichache: mdoli wa mpira unaojazwa maji ili uwe mzito na mlegevu kama mtoto halisi, mfuko wa kupulizia hewa na kinyago chake. Somo lilikuwa ni dakika moja ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa. Matokeo ya hospitali hizo nane yalichapishwa mwaka 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Lakini Haydom waliangalia kwa undani zaidi, na walichokiona kingewanyima usingizi wapangaji wengi wa semina. Watumishi waliohudhuria kozi ya siku moja walifanya vizuri sana kwenye mtihani wa mdoli, hata miezi kadhaa baadaye. Katika leba, yaani wodi ya kujifungulia, kwa watoto wa kweli, mwenendo wao haukubadilika. Cheti walikuwa nacho, kumbukumbu walikuwa nayo, na mtoto aliyezaliwa bila kupumua alipokea huduma ile ile ya zamani. Ndipo wakabadili namna ya kufundisha. Mdoli ukahamishiwa wodini, ukawekwa pale pale kazi inapofanyika, na mazoezi yakawa ya dakika tatu hadi tano kila wiki. Hakuna posho ya safari, hakuna ukumbi. Mkunga anaingia zamu, anamchukua mdoli, anamkausha, anamsugua mgongo, anamlaza kichwa kikiwa kimenyooka, anabana kinyago juu ya pua na mdomo, anabonyeza mfuko, anaangalia kifua kama kinapanda. Kisipopanda anarekebisha shingo na kujaribu tena, mwenzake akitazama saa. Kisha anamrudisha mdoli mezani na kwenda kwa mama anayemsubiri. Estomih Mduma na wenzake waliripoti mwaka 2015 kwamba vifo ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Watoto waliochochewa kupumua kwa kukaushwa na kusuguliwa waliongezeka, na waliohitaji kupuliziwa hewa wakapungua, maana mikono ilikuwa imejifunza kuwahi.

Kazi hiyo ilikua. Vifaa vingine vikafuata, ikiwemo mashine ndogo ya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, iliyopewa jina Moyo na kujaribiwa kwenye hospitali zetu. Kisha kifurushi kizima cha vifaa, mazoezi ya mara kwa mara na matumizi ya takwimu za wodi yenyewe kikapelekwa kwenye vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake yalitoka Februari 2025 katika jarida la kitabibu la New England: miongoni mwa wazazi takriban 280,000 na watoto wao, vifo vya watoto siku ya kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40, na vya akina mama kwa takriban asilimia 75. Ukunga nchini kwetu ni kada yenye wanawake wengi. Hii ndiyo teknolojia ya kazini ambayo wanawake wa Afrika Mashariki wameimudu na kuionyesha dunia, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilianzia kwenye leba iliyo karibu na Gehandu kuliko ilivyo karibu na jiji lolote.

Kuna pingamizi mbili nzito juu ya mfano huu. Ya kwanza ni kwamba uuguzi tangu zamani umehesabiwa kazi ya kike, kwa hiyo Haydom haithibitishi lolote kuhusu kompyuta, umeme wa jua au ufundi wa mitambo. Nakubali nusu yake. Mwanamke hakulazimika kupigania ruhusa ya kuingia leba kama ambavyo angelazimika kuingia karakana. Lakini kozi ya siku moja ilishindwa katika leba hiyo hiyo, kwa wakunga hao hao, kwa hiyo ruhusa peke yake haikutosha. Kilicholeta tofauti ni mdoli kuhamia wodini, zoezi kurudiwa, na mkunga kuwa na mamlaka ya kukishika kifaa bila kumsubiri daktari, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni cha ukunga tu. Fundi wa mashine ya kukamua alizeti anajifunza kwa njia hiyo hiyo, na mhasibu wa ushirika anayetumia programu ya hesabu pia. Zaidi ya hayo, mazoezi ya Haydom hayakutangazwa kuwa ya wanawake. Yalikuwa ya kila anayefanya kazi leba, wanaume wakiwemo. Ujuzi uliingia kama sehemu ya zamu, na mwanamke hakuitwa pembeni kama mtu mwenye upungufu.

Pingamizi ya pili husema kwamba haya ni mapema mno: vijiji vya Mbulu na Hanang vinahitaji barabara, maji na umeme kwanza, na ujuzi wa teknolojia utafuata. Nchi haikusubiri hivyo kwa ngano. Trekta na mashine za kuvuna zilifika Basotu kabla ya maji ya bomba na umeme kufika kwa majirani wa mashamba, na zilipofika tayari zilikuwa na wenyewe. Mwenye kusubiri hukuta viti vimekwisha kugawanywa. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, wanawake wa vijijini ambao vikundi vyao vya kuweka na kukopa, vikiwemo vya VICOBA, viliendeshwa kwa sanduku la bati na funguo tatu hawakungoja umeme wa gridi ili wajifunze kutuma na kupokea fedha. Walijifunza kwa sababu simu ilikuwa mkononi mwao na walikuwa na jambo la kufanya nayo kila siku. Aliyebaki nyuma mara nyingi ni yule ambaye simu ya nyumbani ni ya mume, na hilo ni suala la umiliki.

Umiliki ndio sehemu ya hoja hii inayonigusa kuliko zote, kwa sababu sheria tayari ipo na bado haijafika nyumbani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kushika na kutumia ardhi ya kijiji. Bila hati au hata jina lake kwenye hati ya pamoja, mwanamke aliyefundishwa kuendesha mashine ya alizeti hana dhamana ya kumpatia mkopo wa kuinunua, na ujuzi wake unabaki wa kuajiriwa na mwenye mashine. Halmashauri nazo zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya matatizo ya usimamizi na marejesho, kisha ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Kwa historia ya Hanang, sishangai kwamba fedha peke yake zilipotea njiani. Kikundi kilichopewa fedha ya mashine bila mtu wa kurudi kila wiki kusimama nao kwenye mashine hiyo kinafanana na wale waliohudhuria kozi ya siku moja na kufaulu mtihani.

Shule inahusika pia. Novemba 2021 serikali iliondoa kizuizi kilichowazuia wasichana waliojifungua kurudi katika shule za serikali. Ni uamuzi mkubwa, kwani katika maeneo ambayo binti huolewa mapema, mimba moja ilikuwa inafunga milango yote ya chuo cha uuguzi, cha ufundi au cha kilimo kwa pamoja. Lakini kumrudisha binti darasani ambako kompyuta moja imefungwa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, au ambako somo la kompyuta hufundishwa ubaoni, kunamrudisha kwenye mtihani wa mdoli bila leba. Shule za kata za Mbulu na Hanang zingeweza kuanza na kitu kidogo: kompyuta iwekwe mahali ambapo wasichana wanaingia bila kuomba funguo, na iwe na kazi halisi ya kufanya, kama kuandika hesabu za duka la shule au bei za vitunguu saumu za wiki kwa ajili ya wazazi wanaolima zao hilo. Kipimo cha kwanza cha mwaka kiwe saa ambazo kila msichana amekaa mbele ya kompyuta, idadi ya vyeti ifuate baadaye.

Halmashauri za Mbulu na Hanang hazihitaji kutafuta mshauri wa mbali kujua namna ya kuendesha jambo hili. Wakunga walioanza na mdoli wa maji wapo Haydom, na wanajua mazoezi ya kila wiki hufa kwa namna gani: anayeyasimamia akihamishwa bila mrithi, kinyago kikipasuka na cha pili hakipo stoo, au takwimu za wodi zikipelekwa mkoani bila kurudi kusomwa na waliozikusanya. Wakiulizwa na kikundi cha wanawake wa Gehandu kinachotaka kununua mashine ya alizeti, wataanza na maswali hayo: nani atakaa na ufunguo, nani atasimama kwenye mashine kila wiki hadi kila mwanachama aweze kuifungua na kuifunga peke yake, na vipuri vitanunuliwa kwa fedha iliyotengwa wapi. Majibu yake yaandikwe kwenye mkataba wa mkopo kabla mashine haijapakiwa kwenye lori.